Wapishi wa Picha ya Nne

Maktaba, Chuo Kikuu cha Mindu
Morogoro
4 Novemba 2024

Mwalimu Alois,

Shikamoo. Naitwa Judith Mbwambo, ni mkutubi hapa Mindu. Binti yako Rose, niliyesoma naye, ndiye aliyenielekeza kwako. Ameniambia kukupigia simu ni kazi bure kwa kuwa masikio yameshastaafu, lakini macho bado yako kazini, na barua unaipenda kuliko chai. Ndiyo maana nimekuandikia.

Mwezi Aprili chuo kinatimiza miaka sitini. Nimepewa kazi ya kuandaa maonyesho ya Waafrika wa mwanzo waliosoma na waliofanya kazi hapa, tangu kilipokuwa chuo kidogo cha kilimo na walimu wote ni Wazungu. Picha zipo nyingi. Tabu ni kwamba nyuma ya kila picha Mzungu ameandikwa jina na cheo chake, na Mwafrika ameandikwa "mwanafunzi" au "mpishi", basi. Iko moja ambayo hata mbwa ana jina, na watu waliosimama nyuma yake hawana.

Rose anasema kaka yako alisoma hapa mwaka 1966. Nakutumia nakala za picha sita, nyuma ya kila moja nimeandika mwaka wake. Tafadhali andika nyuma majina ya wote unaowafahamu, kisha unirudishie. Wanaokumbuka wanakwisha, Mwalimu. Mwaka huu nimekwenda kumhoji mzee mmoja nikakuta turubai la msiba limeshafungwa.

Barua nampa Twalibu, dereva wa Fuso la mboga la Nyandira. Anasema ulimfundisha, na kwamba fimbo zako anazikumbuka.

Mwanao,
Judith


Nyandira, Mgeta
12 Novemba 2024

Mwanangu Judith,

Marahaba. Mbwambo ni Mpare huyo, na Wapare kwa kesi mnajulikana. Basi tafadhali, siku nikichelewa kujibu usinifikishe mahakamani. Na Twalibu mwambie fimbo zile hazikutosha, maana hadi leo hajui kuandika "Nyandira" kwenye bodi la gari lake.

Picha ya kwanza, wa pili kutoka kushoto, mwenye koti lililomzidi mabega. Huyo ndiye kaka yangu, Thobias Mkude. Koti lilikuwa la mjomba. Nilipomwona nilitoka nje nikakaa juu ya kuni, mke wangu akadhani nimeanguka.

Alikuwa mtoto wa kwanza wa bonde letu kwenda chuo. Mwaka uliofuata alituma salamu kwamba amechaguliwa kupelekwa Ulaya kuongeza masomo. Baada ya hapo kimya. Mama alimngoja mpaka alipokufa mwaka 1989. Kila Jumapili mtu akimuuliza, "Mama Thobias, kijana hajambo?" alijibu, "Yuko Ulaya, hajambo," na kichwa juu.

Sasa nikueleze jambo ambalo ninyi Wapare wa Same pengine hamlijui. Kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na akifa jina lake haliendi naye udongoni. Hupewa mpwa wake, mtoto wa dada, akalibeba, akawa kama yeye. Mpwa yupo, Bartholomeo, naye mvi zimeshamwota. Lakini jina la mtu ambaye hatujui kama amekufa haligusiki. Na mwenye kulikabidhi ni mimi tu niliyebaki katika tumbo lile, na presha hainichekei.

Nitafutie, mwanangu. Nijue kama yu hai au alikufa. Sitaki kingine.

Wengine niliowafahamu nimewaandika nyuma. Picha ya nne, ile ya wapishi, simjui hata mmoja. Hao si watu wa huku. Usipoteze muda wako nayo.

Mwalimu wako,
Alois Mkude


Maktaba, Mindu
20 Novemba 2024

Mwalimu,

Shikamoo, na ahsante sana. Umenipa majina tisa. Watu tisa wameacha kuwa "wanafunzi" na wamekuwa watu. Nimeyaandika kwa mkono kwanza, kabla ya kompyuta, kwa furaha tu.

Kaka yako nitamtafuta kwa nguvu zangu zote. Nimeanza na orodha za waliopelekwa nje miaka ile. Jina lake bado sijaliona, lakini nyaraka nyingi zililiwa na mchwa, kwa hiyo hilo lisikukatishe tamaa.

Jambo moja dogo. Nilituma picha sita, zimerudi tano. Ile ya nne, ya wapishi wa bwalo mwaka 1985, haimo. Labda imebaki mezani? Picha yenyewe ninayo hapa, ila naulizia, maana wapishi nao ni watu wa chuo hiki na sitaki waachwe. Nimesikia mmoja wao bado yu hai, anakaa Mwembesongo, hapa mjini. Nitakwenda kumwona.

Mwanao,
Judith


Nyandira
27 Novemba 2024

Judith mwanangu,

Picha ya nne ililowa mvua. Paa letu linavuja upande wa meza. Samahani.

Kuhusu wapishi, mimi ningekushauri uwaache wazee wa watu wapumzike. Utawauliza nini? Mchele mlipikaje? Shughulika na wanafunzi, ndio waliobeba jina la chuo. Na mtu akiwa na lake analolificha, kumsitiri ni thawabu, Waislamu wanasema hivyo na padri wetu anasema hivyo hivyo.

Nikueleze siku aliyoondoka Thobias. Mjomba alichinja dume la ng'ombe. Wanawake walimsindikiza na ngoma hadi gari la misheni lilipokuwa limesimama, na mama akamfungia mapichi kwenye khanga. Mjomba akasimama mbele ya watu wote akasema, "Huyu si wa mama yake tena, huyu ni wetu sote. Akirudi, arudi na elimu." Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la nne na nilimwonea wivu mpaka nikalia. Yeye hakucheka hata kidogo. Alikuwa ameshika mlango wa gari kama mtu anayepelekwa hospitali.

Mpaka leo naona mzigo ule ulikuwa mkubwa kwa kijana wa miaka ishirini.

Alois


Maktaba, Mindu
15 Desemba 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Kuhusu kaka yako sina la kukuandikia.

Mwembesongo nilifika. Mzee niliyemkuta anaitwa Abuu Saidi. Aliingia jikoni hapa mwaka 1968 akaosha masufuria, akapanda hadi kuwa mpishi mkuu, akastaafu. Wanafunzi wa zamani wanamkumbuka kwa wali wake kuliko wanavyowakumbuka maprofesa. Sasa anaumwa figo na hatoki nje. Nilimwonyesha picha zote. Ile ya kwanza aliishika muda mrefu sana, nikalazimika kumwomba anirudishie.

Mwalimu, naomba nikuulize swali, na usinikasirikie. Kama ingetokea kwamba kaka yako hakwenda Ulaya, ungesemaje?

Na je, huna safari ya mjini hivi karibuni? Gari la Twalibu lina nafasi mbele.

Judith


Nyandira
3 Januari 2025

Judith,

Heri ya mwaka mpya. Swali lako nimelisoma, nikalikunja, nikalisoma tena. Mtoto hamuulizi mzee swali kama hilo. Kaka yangu yuko Ulaya. Mama yetu alizikwa akijua hivyo, mjomba alizikwa akijua hivyo, na bonde zima linajua hivyo. Kuna watoto hapa walisomeshwa kwa kuambiwa, "Fanya kama Thobias." Mimi mwenyewe niliwaambia hivyo, darasani, miaka yangu yote ya ualimu. Kwa hiyo ukipata habari nyingine, uipime kwanza kabla ya kuitamka.

Safari ya mjini sina. Maharage yako shambani.

Huyo mzee Abuu nasikitika kwa maradhi yake. Ana watu wa kumwangalia? Ana watoto? Anakula vizuri? Nauliza kwa ubinadamu tu. Nampelekea kikapu cha mapichi, ya mwisho mwisho ya msimu. Mwambie yametoka kwa mwalimu mmoja. Jina langu usimtajie.

Alois


Maktaba, Mindu
19 Januari 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Mapichi yalifika salama. Nilimpelekea mwenyewe. Alichukua moja, hakulila, akaninong'oneza, "Haya yametoka bonde gani?" Nikasema sijui. Akageukia ukutani na mimi nikaaga.

Ana mke, Bi Mwanvita, mama mpole sana, na binti wawili. Mkubwa anauza vitambaa Msamvu na ndiye anayempeleka kliniki. Chakula anapewa, lakini hakimpiti. Daktari amewaambia wasitegemee mengi.

Mwalimu, mimi sina uhuru wa kuandika zaidi ya hapa. Kuna mtu amenishika mkono akaniambia, "Nisitiri, mwanangu," na nimemwapia. Ninalala vibaya kwa ajili ya kiapo hicho. Lakini hakuna aliyeniapisha nisikualike. Njoo. Acha maharage. Njoo wiki hii, uje tu kuniona mimi na picha zangu, na tutapita Mwembesongo kumsalimia mgonjwa, kama watu wanavyofanya.

Nakuomba kwa magoti.

Judith


Nyandira
5 Februari 2025

Mwanangu Judith,

Barua yako ya Januari ninayo mfukoni tangu ilipofika. Karatasi imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Picha ya nne haikulowa. Iko chini ya godoro langu. Siku ile ya kwanza nilimtambua. Wa katikati, aliyeshika mwiko, amekonda, ana kofia ya kiislamu, lakini anasimama vile vile, uzito wote mguu mmoja, kama marehemu baba. Nikageuza nyuma nikasoma mwaka: 1985. Mama alikuwa hai! Alikuwa anamwombea kila usiku asipate baridi huko Ulaya, na mwanawe yuko Morogoro anakoroga uji. Nilishikwa na hasira, Judith, hasira ambayo sijapata kuiona. Nilitaka kuteremka siku ile ile nimkamate shati.

Hasira ilipopoa nikaona aibu. Nikafikiri: kama alichagua kujificha, mimi ni nani nikamvue nguo mbele ya watu? Nikasema nitajifanya sijui. Ulipouliza swali lako nikajua kwamba na wewe umejua, nikakuona kama mwizi aliyeingia ndani kwangu. Nikakujibu kwa ukali. Kumbe nilikuwa nakuomba uendelee kunyamaza.

Sasa nimechoka. Sitaki kumuuliza kitu. Sitamtajia Ulaya wala mama. Nitakaa pembeni yake tu, na kwa kuwa sisikii, hata asiposema neno mimi sitajua tofauti.

Jumamosi nateremka na Twalibu. Mwambie nakuja. Au usimwambie. Fanya utakavyoona ni vyema.

Alois


Maktaba, Mindu
6 Februari 2025

Mwalimu wangu,

Pole. Pole sana. Mzee Abuu amefariki leo alfajiri, na amezikwa leo hii baada ya swala ya alasiri, makaburi ya Kola.

Nilifika mapema msibani. Nilikwenda kwa wazee wa msikiti nikawaomba wangoje mpaka kesho. Wakanishangaa. Wakasema maiti haicheleweshwi, kisha mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Tumngoje nani, mwanangu? Marehemu hakuwa na ndugu." Bi Mwanvita alikuwa amekaa pale kwenye mkeka, ananitazama. Na mimi nilikuwa nimeapa. Nikanyamaza, Mwalimu. Wakamwinua wakaenda naye, sisi wanawake tukabaki.

Sasa kiapo kimekwisha na mwenyewe ameondoka. Alikuwa Thobias. Aliniambia siku ile ya kwanza, picha ikiwa mkononi: "Huyu ni mimi." Alishindwa mtihani wa kemia mara mbili, akaambiwa afungashe. Alikwenda stendi na sanduku lake, gari la Mgeta likajaa, likaondoka, na yeye amekaa. Kesho yake vile vile. Alisema kila akitaka kupanda alikuwa anamwona mjomba wenu na lile dume. Ndipo akatuma salamu za Ulaya. Alibeba mizigo sokoni, akasilimu, akabadili jina, na baadaye akarudi hapa hapa chuoni kuomba kazi ya jikoni. Mzungu aliyemwajiri ni yule yule aliyemfundisha kemia mwaka mzima. Alimwangalia usoni na hakumtambua. Kaka yako alicheka aliponisimulia hilo, lakini si kicheko ambacho ningependa kukisikia tena.

Nilimwambia unamtafuta. Akasema, "Alois akijua, atanidharau. Niache nife nikiwa Ulaya."

Judith

Ijumaa asubuhi. Nilikuwa namkabidhi Twalibu barua hii naye akanipa yako ya tarehe tano. Nimeisomea pale pale, nimesimama kati ya magunia ya kabichi. Mwalimu, mimi nilijua, na wewe ulijua. Sote wawili tumemsitiri mpaka tumemzika.


Maktaba, Mindu
10 Machi 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Twalibu anasema umempa mkono lakini barua huna. Sikulaumu.

Naandika kwa lazima. Kamati ya maonyesho imepata habari, sijui kutoka wapi. Wanapendekeza picha ya kwanza ibaki, Thobias Mkude, mwanafunzi, na picha ya nne iondolewe, "ili kumsitiri marehemu". Niliposikia neno hilo nilitoka nje ya kikao.

Lakini damu ni yako, si yangu. Bi Mwanvita nimeshamweleza yote, akalia, akasema uamuzi ni wa ndugu. Nitaandika utakachoniambia, au sitaandika kabisa.

Arobaini itasomwa tarehe kumi na nane, hapo hapo Mwembesongo.

Judith


Nyandira
22 Machi 2025

Mwanangu Judith,

Uliniona arobaini, ukaniamkia, ukaniacha na wenyewe. Ahsante kwa hekima hiyo. Tulifuturu pamoja. Mimi ni Mkatoliki wa misheni, lakini tende ya shemeji yangu niliipokea na nikaila kama waliofunga.

Bi Mwanvita alisema nami kwa mdomo, na binti mkubwa akawa ananiandikia kwenye karatasi, maana sikusikia kitu. Bi Mwanvita aliniuliza kwanza kabisa: "Wewe ulikuwa unakaa mbali?" Nikamjibu ni mwendo wa asubuhi moja kwa gari. Akanitazama, halafu akanimiminia uji.

Ameniambia jambo ambalo wewe hukulijua. Marehemu ndiye aliyekuwa akipokea mboga mlango wa nyuma wa jiko. Na mboga za bwalo zilitoka huku kwetu. Kila gari lilipofika aliwauliza wapagazi na akina mama: mvua imenyesha? Nani ameoa? Nani amefariki? Wakadhani ni mzee anayependa soga. Mwaka ule wa 1989 alirudi nyumbani kutoka kazini akalala siku tatu, akamwambia mkewe ni malaria. Bi Mwanvita alimwita mpaka mganga. Kumbe alikuwa amepewa habari ya mama yetu juu ya gunia la karoti, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Baadhi ya karoti hizo zilikuwa zangu, Judith. Nililima, nikazipakia, na kaka yangu akazipokea, miaka na miaka.

Jina tumempa Bartholomeo juzi. Wazee wawili walipinga, wakasema mtu aliyelitupa jina lake mwenyewe hana cha kurithisha. Nikawaambia tulimlemea sisi, na kama yupo anayetaka kulikataa jina, alikatae mbele yangu. Bartholomeo alilipokea, lakini hakuna mwanamke aliyepiga kigelegele. Tulikula, tukatawanyika.

Sasa maonyesho yako. Picha zote mbili zikae, bega kwa bega, wala isiondolewe hata moja. Nakurudishia ile ya nne. Chini yake uandike hivi, na usiongeze wala kupunguza:

"Thobias Mkude, aliyeitwa Abuu Saidi. Alisoma hapa. Alishindwa kemia. Akapika hapa mpaka alipozeeka, na waliomfundisha hawakumtambua. Nyumbani kwao ni Nyandira. Mdogo wake alimtambua mwezi Novemba, na hakuja."

Jina lako usilitie humo. Wewe uliapishwa. Mimi sikuapishwa na mtu.

Najua kamati yenu haitaupenda mstari wa mwisho. Watasema si wa heshima, watasema mzee amechanganyikiwa kwa majonzi. Waambie sijachanganyikiwa. Wakiuondoa, nitateremka na chaki yangu niuandike ukutani kwa mkono wangu mwenyewe. Na wakiufuta, nitateremka tena.

Alois Mkude